Panya wa Kulinganisha

Shule yetu ina sheria nyingi, na baadhi yake ni nzuri. Ile ya kutofuga kuku bwenini, kwa mfano, naiunga mkono. Lakini sheria ambayo mwalimu mkuu anaipenda kama kitindamimba wake ni ile ya miraa. Kila Jumatatu asubuhi hupanda ngazi za ofisi, tukiwa tumepanga mistari kwenye vumbi, akasema, "Miraa ni nyasi ya shetani." Kisha hunyamaza kidogo ili shetani naye ajisikie vibaya. Ni hotuba nzuri sana. Naijua kwa moyo, hata pale anapokohoa.

Kwa hiyo mwaka jana, aliponikamata nyuma ya stoo ya mahindi, sikuhitaji kuelezwa kosa langu. Shavu langu la kushoto lilikuwa limevimba kama la mtu mwenye jipu.

"Una nini mdomoni?"

"Jino, mwalimu. Linaniuma."

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia kwa makini, kama daktari.

"Hili jino lako lina majani," akasema.

Baba akaitwa. Baba yangu ni bawabu wa usiku, kwa hiyo alifika akiwa ametoka kazini moja kwa moja, rungu mkononi na macho mekundu, na ofisi nzima ikampa heshima ambayo kwa kawaida haipati. Alisikiliza kesi yote bila kunitazama. Kisha akasema, kwa upole ule ambao mimi huuogopa kuliko rungu:

"Sawa, mwalimu. Hakuna shida. Mbuzi ya ndugu yangu kule Oldonyiro haina mtu wa kuchunga. Kijana anaweza kwenda hata leo. Lori ya soko bado haijatoka."

Alisema kama mtu anayetangaza nafasi ya kazi serikalini.

Sina ubaya na mbuzi. Nimewachunga likizo zote tangu nikiwa na meno ya utoto. Ila mbuzi hawana ucheshi. Unamwambia mbuzi kichekesho kizuri, ulichokipika kutwa nzima, anakutazama kana kwamba wewe ndiye kichekesho, halafu anakula kofia yako. Na kule kwa baba mdogo ukishaingia kwenye vumbi la kwenda malishoni, hakuna anayekuuliza kama ulikuwa kidato cha tatu. Nitasema jambo hili mara moja tu, kwa sababu haliendani na sura yangu: nilitaka kumaliza shule. Msiniulize tena.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa bayolojia. Huyu alikuwa kijana, ameletwa kwetu kutoka upande wa ziwa, na bado alikuwa na ile imani ambayo jua la Isiolo humtoa mtu taratibu kama rangi ya shati. Mashindano ya sayansi ya wilaya yalikuwa yanakuja, safari hii katika ukumbi wetu wa chakula, na yeye alikuwa na mradi lakini hakuwa na wanafunzi. Kila mtu alikuwa amekimbilia mradi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe.

"Kama anaipenda hivyo miraa," akamwambia mwalimu mkuu, "mwache aisome."

Mwalimu mkuu akafikiri. Alipenda sana wageni, na wageni wangekuwepo.

"Mradi ukisimama mbele ya wageni, atabaki," akasema. "Ukiniaibisha, Jumatatu yake namkabidhi kwa mzee wake na hizo mbuzi."

"Sawa," akasema baba.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mradi wenyewe ulikuwa juu ya panya. Mwalimu wa bayolojia alikuwa amesoma mahali kwamba wataalamu wa ng'ambo huwapa panya dawa za kuchangamsha, wakatazama kinachotokea kichwani. Rafiki yake mmoja wa Nairobi akamgawia panya wa maabara, naye mwalimu akaja nao kwa basi ndani ya katoni ya sabuni yenye matundu. Walikuwa weupe kabisa, macho mekundu kama baba yangu akitoka kazini. Wanafunzi walipanga foleni kuwaona. Isiolo panya tunao wa kutosha, tena wengine wana vyeo, lakini panya mweupe hatukuwahi kupokea.

Kabla ya kuanza, mwalimu akatufundisha darasa zima.

"Ndani ya ubongo," akasema, "seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya, mdogo kuliko mnavyoweza kufikiria. Habari huvuka mwanya huo ikibebwa na kemikali. Mojawapo inaitwa dopamini. Sasa, dopamini ikivuka kwa wingi, mwenye kichwa anajisikia nini?"

Nzi wakapita. Nikanyoosha mkono.

"Anashika handas, mwalimu."

Darasa likaanguka. Kwa msomaji asiye wa kwetu: handas ni ile hali inayompanda mtafunaji wa miraa akishatafuna kitambo. Macho yanafunguka, akili inakuwa kama imepigwa pasi, na mtu ambaye asubuhi hakuweza kufunga kamba za viatu anakupangia mradi wa maji wa wilaya nzima, mpaka ukubwa wa bomba. Mwalimu hakulijua neno. Alidhani ni Kiborana. Waborana wakadhani ni Kimeru. Wameru wakasema si lao, wao wanauza tu. Basi mwalimu, kwa kuwa mtu wa elimu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: DOPAMINI = HANDAS. Wakati huohuo mwalimu mkuu akapita dirishani, akasoma, akaendelea na safari yake. Hakuuliza maana. Huyu ni mtu ambaye huuliza maana ya kila kitu, hata ya mwanafunzi kutabasamu.

Kisha mwalimu akaeleza jinsi dawa inavyoingilia kati, akataja pampu na milango na vipokezi, darasa likaanza kupotea mmoja mmoja kama mifugo jioni. Ikabidi nimsaidie.

"Mwalimu, hiyo si ni kama kizuizi cha barabara?"

Kwetu lami inakwisha mlangoni. Malori yanayopanda kaskazini hungoja kizuizini, mti ukiinuliwa ndipo yanaondoka kwa msafara.

"Malori ndiyo dopamini," nikasema. "Yakifunguliwa, yanavuka lile jangwa hadi Marsabit. Yakifika yanapiga honi, watu wa Marsabit wanafurahi, sukari imekuja. Yakishashusha yanarudi hapa kupakia tena. Taratibu, kwa zamu. Hicho ni kichwa kizima. Sasa mtu ametafuna miraa. Yule wa kizuizi ameinua mti, ameuacha juu, ameenda zake kunywa chai. Malori yote yanatoka pamoja, hata yale yasiyo na breki. Tena kule Marsabit njia ya kurudi imezibwa. Yamejaa mji mzima, yanapiga honi tu, hayaondoki. Hiyo ndiyo handas."

"Na kesho yake?" mwalimu akauliza. Alikuwa ameacha kuandika.

"Kesho yake Isiolo haina lori hata moja, mwalimu. Hata la kubeba salamu. Watu wamenuna tu."

Mwalimu akachora lori ubaoni. Lilifanana na kiatu. Akasema kwamba ubongo wa panya una barabara kama hiyo yetu, na sauti moja nyuma ikauliza, "Hata kizuizi?" Akasema hata kizuizi.

Nikapewa mwenzangu wa kufanya naye kazi, kijana wa Kiborana kutoka Korbesa, mkimya, mrefu, aliyelelewa vizuri kupita kiasi. Huyu ukimpa peremende moja anaipasua kwa jiwe ili mgawane. Kiswahili alijifunzia shuleni, kwa hiyo kila neno alilitumia kwa maana ya kwanza aliyoipata, wala hakuwa na haja ya nyingine.

Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na vizimba viwili. Cha kwanza panya wanapewa vidonge vya unga vilivyochanganywa na miraa laini iliyokatwakatwa. Cha pili wanapewa unga na majani ya kawaida tu. Halafu kila panya anawekwa ndani ya sanduku lililochorwa mistari ya chaki chini, tunahesabu anavuka mistari mingapi. Aliyechangamka atavuka mingi. Mtoto mdogo angeelewa.

Kununua miraa nikapewa mimi. Ndiyo, shule ikanituma rasmi, kwa ruhusa iliyopigwa muhuri, nikanunue kile ilichotaka kunifukuzia. Kila alasiri pikapu hushuka kutoka milimani ikipiga honi ndefu isiyokatika, na mji mzima husimama. Watu ambao hawakusikia mwadhini wala kengele ya kanisa huisikia hiyo. Nilikuwa nasimama pale mbele ya wateja wakubwa, na sare yangu, nachagua kitita kama mtu wa serikali. Huja kimefungwa kwa majani ya mgomba ili kisinyauke. Isiolo hatuna mgomba hata mmoja, mvua yetu haiwezi hata kulea bamia, lakini hakuna mtoto asiyeujua mlio wa jani lake likifunguliwa. Mkwaruzo fulani hivi. Hata mbuzi wa mjini wanaujua. Wanakuja mbio kuokota majani yanayotupwa, wakishiba wanasimama katikati ya barabara kubishana na magari.

Kuhesabu akapewa mwenzangu, na hapo ndipo mwalimu alipoanza kupata mvi. Kwao mifugo haihesabiwi kwa sauti, huleta mkosi. Kwa hiyo alikuwa anahamisha kokoto kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, mdomo umefungwa.

"Ngapi?" mwalimu anauliza.

"Wako wazuri, mwalimu."

"Sijauliza panya. Mistari ngapi?"

"Mistari pia iko mizuri."

Mwisho mwalimu mwenyewe akawa anapekua mifuko ya mwenzangu, ahesabu kokoto.

Lakini panya walifanya kazi. Wale wa miraa walizunguka sanduku wakiwa wamegandamana na ukuta, wakirudi, wakizunguka tena, pua juu. Wengine waliacha kukimbia wakashika jambo moja. Mmoja alikaa kwenye kona akinusa msumari, akiuacha, akiurudia, kichwa kikienda huku na huku. Mwalimu akasema hiyo ni alama ya dopamini kuzidi, kitendo kimoja kinajirudia bila sababu. Mimi namjua mzee wa mtaa wetu anayefanya vivyo hivyo na redio. Asubuhi yake walikuwa wamejikunja pamoja wamenuna, hawataki kuguswa, Isiolo bila malori. Nilikuwa nawapenda kidogo, kusema kweli. Walikuwa wananishikia nafasi yangu ya shule kwa miguu yao midogo, na wao wala hawajui.

Siku moja mwenzangu akasimama mbele ya kile kizimba cha pili.

"Hawa wanatuangalia," akasema.

"Waache waangalie."

"Wenzao wanakula, wao wanaangalia. Kwetu mtu akila mbele ya jirani hivi, hata mvua inakasirika."

"Hawa si jirani, waria, rafiki yangu. Hawa ni wa kulinganisha."

Akalitafakari neno lile. Niliona likiingia.

"Wa kulinganisha?"

"Ndiyo. Kazi yao ni hiyo. Muulize mwalimu."

"Aa," akasema, uso ukamfunguka. "Kama ni wa kulinganisha, basi sawa."

Nikafurahi kwamba ameelewa upesi. Mimi ni mwalimu mzuri.

Mashindano yalikuwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa alasiri nikaenda kungoja pikapu, nikangoja na wazee, nikangoja na mbuzi. Haikuja. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, gari limezama kwenye matope. Mji ulinuna usiku ule kama panya. Kilichobaki ni kitita cha tangu Jumatano, kimejikunja nyuma ya duka. Na kitu kimoja ambacho hata mtoto anayebebwa mgongoni kwetu anakijua ni hiki: miraa hulala. Ikivuka siku moja imeanza kusinzia, ikifika ya pili imelala kabisa, hata uitafune mpaka taya likuombe talaka huoni handas. Ni kama kula ufagio.

Nikakinunua hichohicho. Ningefanyaje? Asubuhi tukakatakata nusu yake, tukawapa panya wa kizimba cha kwanza. Wakala. Wakajipangusa masharubu. Wakalala.

"Labda wanapumzika," mwenzangu akasema.

Ukumbi ulijaa. Jiko la kinyesi cha ng'ombe lilikuwa meza ya pili, linatoa moshi kwa bidii. Mbele wamekaa wageni, na mwalimu mkuu kati yao, amevaa suti yake ya harusi za watu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, niliona kofia ya baba. Alikuwa amekuja na begi langu. Begi lenyewe, lenye blanketi ndani, limefungwa kamba. Baba hana mchezo na ratiba.

Msimamizi wa kutoa alama alikuwa mama mmoja mkaguzi wa masomo, mwenye miwani na sweta nzito katika joto lile, jambo lililonionyesha kwamba haogopi kitu. Akafika mezani kwetu. Nikasoma hotuba yangu, malori na kizuizi, vizuri tu, watu wakacheka panapochekesha. Kisha akainama kutazama kizimba cha kwanza.

"Hawa ndio mmewapa dawa ya kuchangamsha?"

"Ndiyo, madam."

"Mbona wamelala?"

"Wanajiandaa, madam."

Mwalimu wa bayolojia alikuwa anaitazama dari. Nilijua sina kitu. Nikafanya kile anachofanya mtu asiye na kitu, nikapeleka mkono kwenye kitita kilichobaki mezani ili nionekane nina kazi. Nikalifungua jani la mgomba.

Likakwaruza.

Panya wa kwanza akainua kichwa. Kabla sijatoa mkono, kizimba kizima kilikuwa juu ya miguu. Wanazunguka, wanapanda waya, pua juu, wanagongana. Tukamtia mmoja sandukuni akavuka mistari kama amefukuzwa na kodi. Watu wakasimama kuona. Mimi nilishangaa kuliko wote, lakini nikakunja mikono kifuani, kama mtu aliyezoea.

Ndipo mkaguzi akageuza miwani upande wa pili.

"Na hawa je?"

Kizimba cha pili nacho kilikuwa kinawaka moto. Panya wangu wapole, wa unga mtupu, walikuwa wananing'inia kwenye waya kama wateja wa pikapu.

"Hawa mmewapa nini?"

"Unga, madam. Na majani ya kawaida."

"Basi wamechangamshwa na nini?"

Nikamtazama mwenzangu. Mwenzangu ni mtu asiyejua kusema uongo, hajawahi hata kujaribu.

"Madam, mimi niliwapa kidogo."

"Ulipewa ruhusa na nani?"

"Huyu," akanionyesha, kwa heshima kabisa. "Aliniambia hawa ni wa kulinganisha. Basi nimewalinganisha. Kila siku wenzao wakipata, na hao wanapata. Sasa wako sawasawa."

Nilisikia ukumbi ukicheka kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya kisima. Mwalimu wa bayolojia alifumba macho. Nyuma, baba alilihamisha begi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Mwalimu mkuu akainuka. Alikuwa ameaibishwa, na aibu ilimfaa, ilimpa sauti. Akaja mpaka mezani, akakinyakua kile kitita na kukiinua juu ili wageni wote wakione.

"Wageni wetu," akasema, "mimi nilikataa tangu mwanzo. Huu ndio uchafu wanaoutafuna badala ya kusoma! Huyu kijana nilimkamata nao mdomoni." Akachomoa kijiti kimoja. Na hapo mkono wake, nadhani bila kumwomba ruhusa, ukafanya kitu. Ukakipinda kijiti, kikapindika bila kuvunjika. Ukucha wa kidole gumba ukashuka na gome kwa mpigo mmoja, safi, kutoka juu hadi chini, ngozi ikatoka nzima kama soksi. Akaitazama, akaitupa kwa dharau.

"Tena si hata ya jana," akasema. "Imelala hii!"

Jiko la kinyesi lilitoa mlipuko mdogo. Tulikuwa ukumbi mzima wa watoto wa Isiolo, kila mmoja analijua neno lile na kila mmoja anajua linatoka wapi.

"Imelala?" akauliza mkaguzi.

"Nina maana... imekauka."

"Ulisema imelala. Inajulikanaje, mwalimu mkuu?"

"Inasemekana."

"Inasemekana na nani?"

Hapo ndipo paa lilipotaka kuondoka. Wanafunzi walilala juu ya meza. Nilimwona baba, ambaye sijawahi kuona meno yake ya nyuma, ameyaonyesha yote.

Lakini yule mama hakucheka. Alikuwa ameshika kijiti, anawaza.

"Subirini," akasema. "Ikilala, haina nguvu?"

"Haina kabisa," akajibu mwalimu mkuu kabla hajajizuia. "Hiyo ni kuni tu."

"Basi hawa panya wa kwanza wamekula kuni. Ndiyo maana walikuwa wamelala. Na hawa wa pili leo mmewapa?"

"Bado, madam," akasema mwenzangu. "Ilikuwa wapate baadaye."

"Basi wote wamekimbizwa na nini?"

Alinitazama mimi. Nami nikatazama mkono wangu, bado umeshika jani la mgomba. Nikalikwaruza tena. Vizimba vyote viwili vikapanda waya.

"Na ahadi, madam," nikasema. "Malori yametoka kabla ya kupakiwa."

Mwalimu wa bayolojia akafungua macho. Akaanza kuongea haraka, mikono hewani, kwamba labda ubongo hauingoji dawa yenyewe, labda ukishazoea unafungua kizuizi kwa ile ishara tu, jani, mlio, na kama ni hivyo basi mtu anaweza kuacha miraa na bado akatembezwa na jani. Aliongea kama aliyeshika handas. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kama jaribio, mmeharibu," akasema. "Hakuna wa kulinganisha hata mmoja." Akamtazama mwenzangu. "Au wamelinganishwa wote. Lakini mmeona kitu ambacho sikukitazamia. Mwaka ujao mrudie, jani peke yake, na huyu kijana mumpe kazi nyingine."

Jiko la kinyesi likashinda. Sisi hatukupata hata cheti. Je, mradi ulikuwa umesimama, au ulikuwa umemwaibisha mwalimu mkuu? Mimi nilijua jibu, na lori la Oldonyiro lilikuwa na jibu pia. Baba akaniachia begi bwenini bila kufungua kamba. "Jumatatu," akasema tu, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Jumatatu nikaitwa ofisini na begi langu. Baba alikuwa ameshafika, amesimama na rungu lake. Mwalimu mkuu alijifanya anatafuta kalamu kwa muda mrefu, na kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

"Lile neno nililolisema siku ile," akaanza.

"Neno gani, mwalimu?"

Akanitazama. Nikamtazama, kwa uso ule ambao mbuzi wa baba mdogo wamenifundisha, uso usiojua kichekesho.

"Hulikumbuki?"

"Kulikuwa na moshi mwingi, mwalimu. Lile jiko."

Akahema. Kiti nacho kikahema chini yake.

"Mzee," akamwambia baba, "huyu kijana ana kichwa. Tumwache asome."

"Na mbuzi?" baba akauliza, akiwa amenyooka kama bendera.

"Mbuzi watafute mtu mwingine."

Baba akatoka na begi. Aliacha blanketi, kwa sababu usiku wa Isiolo unajua kuwa na baridi. Mlangoni nikamsikia anacheka peke yake, halafu anajikohoza ili ionekane ni kifua.

Tangu siku hiyo hotuba ya Jumatatu imebadilika. Sasa ni juu ya kucha na viatu. Panya tunao bado, wamezaana, na mwalimu wa bayolojia ameondoa karatasi ya WA KULINGANISHA iliyobandikwa kwenye kizimba cha pili, akaandika WA KUNYIMWA, kwa wino mwekundu. Mwenzangu aliisoma, akaenda kumwambia mwalimu kwamba kazi hiyo hawezi, atafutwe mtu asiye na mama. Sasa yeye ni wa kuosha vizimba.

Na mimi nimeacha miraa. Msicheke. Niliacha kwa sababu za kisayansi, na pia kwa sababu mwalimu mkuu hunikagua mashavu kila asubuhi kama anayenunua ngamia. Nimekaa darasani, kidato cha nne, dawati la dirishani, kama ilivyoamriwa.

Juzi alasiri tulikuwa tunasoma kimya. Honi ikaanza kule barabarani, ile ndefu isiyokatika. Nilijikuta kalamu imesimama. Nilipotazama chini, miguu yangu yote miwili ilikuwa imeshatoka nje ya dawati, imevuka mstari, inaelekea mlangoni bila mimi. Na mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita, kichwa amekigeuza upande wa barabara na kiatu kimoja tayari kiko kwenye ngazi ya kushuka.

Akaniona. Nikamwona.

"Soma," akasema.

"Nasoma, mwalimu."

Nikairudisha miguu, mmoja baada ya mwingine. Yeye ilimchukua muda mrefu zaidi.